Trio au kwinteti: uchague ipi ukienda kusikiliza jazi kwenye chumba kidogo

Kila rafiki akiniambia anataka kwenda kusikiliza jazi laivu kwa mara ya kwanza swali lake ni lilelile, nani anapiga. Mi namrudishia swali lingine: wako wangapi? Anashangaa, maana kwenye muziki mwingine idadi ya watu jukwaani haimsaidii mtu kuamua chochote, lakini kwenye jazi ya bendi ndogo, kwenye chumba cha watu mia hivi au pungufu, ile idadi inakuambia utasikia nini, ukae wapi, hata uchukue tiketi ya seti ipi, seti ni kipindi kimoja cha kupiga kabla ya mapumziko. Kwa hiyo naweka trio upande huu na kwinteti upande ule, nilivyozisikiliza mwenyewe miaka yote hii, na nasema mapema kwamba nina upande wangu.

Tuelewane maneno kwanza. Trio ninayosema ni piano, dabo besi (ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama) na drams. Kwinteti ni haohao watatu, afu mbele yao wapulizaji wawili, mara nyingi tarumbeta na saksofoni ya aina ya tenor. Kwateti ni mpulizaji mmoja na hao watatu, iko katikati kwa kila kitu, nitaipitia juujuu tu.

Nani anaongea na nani

Kwinteti ina mpangilio ambao hata mgeni anaufuata bila shida. Wapulizaji wawili wanasimama mbele wanapiga melodi pamoja, melodi ikiisha mmoja anasogea kwenye maiki anaanza solo na mwenzake anajiweka pembeni, akimaliza watu wanapiga makofi, anaingia wa pili, afu piano, pengine besi, pengine drams, mwisho wote wanarudi kwenye ile melodi. Macho yako yanajua pa kwenda. Hata kama hujawahi kusikia wimbo huo maishani unajua sasa hivi ni zamu ya nani, na tarumbeta ikipanda juu mwili wako unaelewa kabla akili haijaelewa.

Trio haikusaidii hivyo. Ukiangalia haraka utadhani mpiga piano ndiye bosi na wale wawili wanamsindikiza, na kweli zipo trio za namna hiyo na ni nzuri, lakini trio iliyokomaa ni malumbano, mmoja anatupa ubeti mwingine anaudaka kabla haujagusa chini, na mara nyingi jambo lenyewe limetokea upande ambao ulikuwa huuangalii. Mpiga piano anaacha nafasi ndogo, besi inaijaza kwa noti tatu, mpiga drams aliyekuwa na brashi za waya badala ya fimbo anacheka, anabadilisha mdundo, na piano inabidi ijibu. Hayo yote sekunde nne. Kama ulikuwa unatafuta kiti umekosa.

Mfano ninaompa kila mtu ni trio ya mpiga piano Bill Evans, na besi alikuwa Scott LaFaro na drams Paul Motian. Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961 walipiga seti tano pale klabu ya Village Vanguard, New York, mbili mchana na tatu usiku, zote zikarekodiwa. LaFaro hakubali kukaa chini akihesabu mapigo tu, anapanda juu kwenye shingo ya besi, anamkatiza Evans, anamjibu, anamwacha, na Motian wakati mwingine hapigi kabisa, anangoja. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro akafariki kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Ukisikiliza rekodi zile unasikia glasi zinagongana na watu wanapiga soga huku nyuma, na kila nikisikia soga zile roho inaniuma, maana watu wale walikuwa hatua chache tu kutoka pale besi inapigwa kwa namna ambayo wapiga besi wengi walikuja kuifuata, na wao wanaongea zao.

Upande wa kwinteti mfano wangu ni mpiga drams Art Blakey pale klabu ya Birdland, New York hiyohiyo, tarehe 21 Februari 1954, Clifford Brown kwenye tarumbeta, Lou Donaldson saksofoni alto, Horace Silver piano, Curley Russell besi. Humo hakuna kunong'onezana. Blakey anasukuma bendi kutoka nyuma kama mtu anayesukuma gari lililozima, anapiga roli moja ndefu, mapigo ya haraka yasiyokatika, kumwambia mpulizaji zamu yako imeisha au la, nakuongezea nyingine, na yule wa mbele hana namna, lazima aende. Msikilizaji naye anasukumwa humohumo.

Kwa hiyo hapo mwanzo kabisa jiulize unataka kusukumwa au unataka kusikiliza watu wakizungumza. Zote ni jazi halali na hakuna iliyo juu ya mwenzake.

Hesabu ya dakika

Hiki kitu watu hawakifikirii kabisa wanapochagua na mi naona kina uzito kuliko jina la bendi. Nyimbo nyingi za jazi zina umbo la bari 32, bari ni kifungu kidogo cha mapigo, ikiisha inarudi mwanzo, wanamuziki wanaita raundi. Bari 32 za mapigo manne ni mapigo 128, kwa tempo (mwendo) ya wastani, mapigo 120 kwa dakika, raundi moja ni sekunde 64, yaani dakika moja na kidogo. Bluzi ya bari 12 kwa tempo hiyohiyo ni sekunde 24.

Sasa chukua kwinteti. Melodi raundi moja, saksofoni raundi tatu, tarumbeta tatu, piano tatu, besi mbili, melodi tena moja, jumla 13, karibu dakika 14 kwa wimbo mmoja na drams hajapewa zamu yake bado. Seti ya dakika 70 utapata nyimbo tano. Trio kwa hesabu hiyohiyo, melodi, piano raundi nne, besi mbili, melodi, ni raundi nane, dakika nane na nusu, kwa hiyo ndani ya dakika 70 unapata nyimbo saba au nane, na kwa sababu ni nyingi wanaweza kubadilisha hali, ya haraka, ya polepole sana, bluzi, moja ambayo drams zinaguswa kwa vidole tu.

Hii ina maana gani kwako? Kama solo ndefu zinakuchosha, na wapo watu wanachoka na sio dhambi, kwinteti itakuchosha zaidi ingawa ina kelele zaidi, kwa sababu solo ya nne kwenye wimbo uleule juu ya bari zilezile inahitaji sikio lenye mazoezi. Nimempeleka ndugu yangu kwenye kwinteti kali sana, wapulizaji wawili wa hatari, dakika ya kumi ya wimbo wa pili nikamwona anaangalia saa. Wiki tatu baadaye nikampeleka kwenye trio, akakaa kimya seti nzima, tulipotoka akaniuliza kwa nini yule wa besi alikuwa anafumba macho. Hilo swali lilinifurahisha kuliko sifa yoyote.

Ila kinyume chake pia kipo. Mtu aliyezoea muziki wa kucheza, wa mwili, ukimpeleka trio ya taratibu anaweza kuona hakuna kinachotokea. Huyo mpeleke kwinteti, tena bendi ambayo mpiga drams wake ana mkono mzito.

Chumba na sauti

Dabo besi ni chombo kikubwa chenye sauti ndogo. Waya wake wa chini kabisa unatoa noti ya kama hezi 41, sauti hiyo sikio linaipata kwa shida, na ukiweka tarumbeta hatua mbili mbele yake imeisha, unabaki kuona vidole vinatembea tu. Ndiyo maana kwenye kwinteti besi karibu siku zote inapita kwenye amplifaya, na hapo ubora wa besi utakayosikia unategemea amplifaya na fundi mitambo kuliko vidole vya mpigaji. Kwenye trio ndani ya chumba kidogo kweli inawezekana isiunganishwe popote au iguswe kidogo tu, na hapo ndipo unasikia mbao yenyewe, kidole kikiachia waya, hata pumzi ya mpigaji. Mtu akiniuliza faida ya trio ni nini na nina sentensi moja tu ya kumjibu, namwambia utaisikia besi.

Chumba kidogo ni kidogo kiasi gani? Village Vanguard niliyoitaja inachukua watu 123, iko chini ya ardhi, ipo tangu 1935. Kwa trio hapo ndipo kwenye mpaka, ukizidi sana watu 150 lazima spika zianze kufanya kazi na ule ukaribu unaanza kupungua. Kwinteti ina uvumilivu zaidi, ukumbi wa watu 300 bado inaumudu, tarumbeta haihitaji msaada wa mtu. Kinachoisumbua kwinteti ni chumba kidogo kupita kiasi chenye kuta tupu na dari fupi, sauti inagonga inarudi, simbali, yale masahani ya drams, zinakuwa kama maji yanamwagika kwenye bati, piano inazama kabisa. Kwa hiyo ukisikia kwinteti inapiga kwenye kichumba cha watu 40, uliza kwanza kama kuna mapazia, zulia, watu wa kutosha kuinyonya sauti. Chumba kikijaa watu sauti inatulia, kikiwa nusu tupu inakwaruza.

Na masikio yako yalinde jamani. Kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu, kwa hiyo ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Drams zikipigwa kwa nguvu na wewe uko mita moja na nusu, 100 unafika bila taabu. Kwenye trio ya brashi usiwe na wasiwasi. Kwenye kwinteti ukikaa mbele chukua viziba masikio, vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuifanya iwe kama uko ndani ya shuka.

Kiti

Trio kaa mbele, nasema mbele kabisa, na kama kuna uchaguzi kaa upande wa kushoto ukiangalia jukwaa. Piano hupangwa mpigaji akiwa kushoto na ubavu wake wa kulia umeelekea watu, kwa hiyo ukiwa kushoto unaona vidole, unaona pia uso wa mpiga besi ambaye mara nyingi anasimama kwenye ule mpindo wa piano. Ukikaa kulia unapoteza vidole lakini mfuniko wa piano unafunguka kuelekea watu na huko unapata sauti yake imejaa zaidi, ila pia ndiko drams ziliko. Mi nachagua vidole. Wapo wanaochagua sauti na siwezi kubishana nao.

Kwinteti rudi nyuma. Meza ya tatu au ya nne, katikati. Mbele kabisa utakuwa umekaa kwenye mdomo wa tarumbeta, utamsikia yeye na hutasikia wengine, na tarumbeta ina tabia ya kwenda moja kwa moja kule ilikoelekezwa, wakati saksofoni inatoa sauti yake kote kwenye mwili wake kwa hiyo hiyo haisumbui hivyo. Nyuma kidogo ndipo wale wawili wanaungana wanakuwa sauti moja, na hiyo sauti moja ya tarumbeta na saksofoni tenor ikipiga melodi ndiyo raha kubwa ya kwinteti, usiipoteze kwa kutaka kuwa karibu.

Kona epuka kwa zote mbili. Sauti nzito hujikusanya kwenye kona, besi itakuvimbia kichwani halafu noti hutazitofautisha.

Seti ya kwanza au ya pili

Kwa kwinteti nachukua ya pili bila kufikiria. Seti ya kwanza wapulizaji bado wanapasha midomo, fundi mitambo bado anatafuta sauti, na kama wamekutana siku hiyo tu, kitu ambacho kwenye jazi ni cha kawaida, bado wanasomana. Seti ya pili wameshajua nani anapenda kusukumwa na nani anataka nafasi, na hapo solo zinarefuka kwa sababu nzuri.

Kwa trio nasita. Seti ya kwanza watu wako wazima, wamekuja kusikiliza, chumba kiko kimya, na trio inaishi kwa ukimya kuliko kitu kingine chochote. Seti ya pili wanamuziki wamechemka lakini chumba nacho kimechemka, meza ya nyuma imeanza stori, na solo ya besi, ambapo piano inanyamaza na drams inagusa simbali kwa ncha tu, inaharibiwa na mtu mmoja anayecheka. Kama unakijua chumba na unajua watu wake wanasikiliza, chukua ya pili. Kama hukijui, ya kwanza.

Na kama uwezo upo kaa zote mbili, usiku huohuo, bendi ileile. Mpiga saksofoni Sonny Rollins tarehe 3 Novemba 1957 alipiga Vanguard hiyohiyo mchana na usiku, saksofoni, besi na drams bila piano kabisa, mchana akiwa na Donald Bailey na Pete La Roca, usiku akiwa na Wilbur Ware na Elvin Jones. Mtu mmoja, chumba kimoja, siku moja, na ukisikiliza ni kama wamehamia nyumba nyingine. Hapo kweli wenzake walibadilika, lakini hata wasipobadilika seti mbili hazifanani, na hicho hakuna rekodi itakayokufundisha.

Zile za pembeni

Trio ya Rollins inanikumbusha niseme, sio kila trio ina piano. Ikiwa saksofoni, besi na drams jiandae kwa kitu kikavu, hakuna anayemtandikia mpulizaji mkeka chini, anatembea peke yake, tamu sana kwa aliyezoea, ngumu kwa mgeni. Gerry Mulligan wa saksofoni na Chet Baker wa tarumbeta walifanya kitu kama hicho mwaka 1952 huko Los Angeles kwa kwateti isiyo na piano, na hiyo kwa ajabu ni rahisi kusikiliza, kwa sababu wapulizaji wawili wanashonana wenyewe. Trio ya ogani, gitaa na drams ni dunia nyingine, besi inatoka kwenye ogani yenyewe, kwa mkono wa kushoto na miguu, na ina joto la kwinteti ingawa ni watu watatu, kwa hiyo ichukulie kama kwinteti, kaa nyuma, seti ya pili. Duo, piano na gitaa kwa mfano kama Bill Evans na Jim Hall walivyofanya, ile usimpeleke mtu mara ya kwanza. Hata kukohoa unajisikia vibaya.

Kwateti nimesema iko katikati. Ukiwa huwezi kuamua, na hasa mkiwa wawili wenye ladha tofauti, nendeni kwateti, mpulizaji mmoja anawapa wote pa kuangalia na piano bado ina nafasi ya kuongea.

Sasa upande wangu

Kwa mtu wa mara ya kwanza mi nasema trio ya piano, seti ya kwanza, kiti cha mbele kushoto. Najua wengi wanasema kinyume, kwamba mgeni umpeleke kwenye moto aone jazi ina nguvu, na nawaelewa, lakini nguvu ataipata hata kwenye spika za nyumbani. Kule chumbani kuna kitu ambacho rekodi haina, ile nusu sekunde watu watatu wanaangaliana kabla ya kuingia kwenye daraja la wimbo, kile kipande cha katikati, mmoja ananyanyua nyusi, na wote watatu wanajua leo tunapita njia nyingine. Kwenye kwinteti hiyo nusu sekunde ipo pia ila iko nyuma ya migongo miwili ya wapulizaji na hutaiona.

Ukishaiona mara moja kwenye trio, nenda kwinteti. Utakuta unamtafuta mpiga drams kwa macho hata wakati tarumbeta inasema yake pale mbele, utaona anamtazama nani, na solo ile ndefu ya dakika tatu haitakuwa ndefu tena kwa sababu sasa unasikiliza watu watano badala ya mmoja.

Ukienda fika mapema, dakika 30 hivi kabla. Mpiga besi kwa kawaida anaweka waya zake sawa pale pale jukwaani wakati watu bado wanaingia, na ukiwa kiti cha mbele hizo dakika chache unasikia chombo chake kikiwa peke yake, bila piano, bila drams. Shika sauti hiyo kichwani, ndiyo utakayoifuata wimbo wa kwanza ukianza.